Kiholanzi Kina Ngeli, Tuziite Ngeli

Wanafunzi wangu wa Kiholanzi hapa Hurlingham, kwenye chumba kidogo karibu na barabara ya Argwings Kodhek, huja na vitabu vya Kiingereza vinavyodai kwamba nomino zina jinsia. Hapo ndipo mambo huharibika. Dada anayejiandaa kumfuata mumewe Rotterdam anataka kujua kama meza ni ya kiume au ya kike. Si mjinga, ametegwa na istilahi.

Tangu Machi 2006, Mkenya anayetaka kumfuata mwenzi wake Uholanzi sharti kwanza afaulu mtihani wa msingi wa lugha. Muda wenyewe ni haba. Kwa nini aiweke kando sarufi ya Kiswahili aliyoitolea jasho hadi Kidato cha Nne?

Kiholanzi kina ngeli mbili, ya «de» na ya «het», na wingi wote huingia «de». Basi. Upatanisho ndio unaozitenga: «de man die», mtu ambaye; «het huis dat», nyumba ambayo. Aliyewahi kukatwa alama kwa kuandika «kiti ambayo» (mitaani Nairobi sote twasema hivyo) hahitaji maelezo zaidi.

Utamu hasa uko kwenye udogo. «De hond» ni mbwa. Mdogoshe, awe «het hondje». Kwetu pia mbwa anabweka lakini kijibwa kinabweka: kimehama A-WA kikaingia KI-VI. Ndiyo sababu msichana ni «het meisje». Kile kiambishi «-je» ni cha udogo, nao udogo huivuta nomino hadi kwenye «het». Kitabu cha Kiingereza kinaeleza kwamba neno hilo si la kiume wala la kike, darasa linaangua kicheko.

Kishazi tegemezi nacho kina faida yake. Kwa Kiholanzi, kitenzi chake husukumwa mwisho: «Ik denk dat hij morgen komt», nadhani atakuja kesho, ila «komt», yaani kuja, ndiyo inayofunga sentensi. Anayekijua kishazi hajiulizi pa kuanzia.

Mwalimu mwenzangu hushikilia kwamba istilahi za Kiswahili ni ngumu kuliko Kiholanzi chenyewe. Kwa shamirisho na chagizo namkubalia, na sizitaji darasani. Ngeli, hapana. Ila ngeli hazitakuambia meza iko upande gani. Hilo ni la kukariri, kwa hiyo kila nomino mpya iingie daftarini pamoja na «de» au «het» yake, kuanzia somo la kwanza.