Risala ya Wazazi wa Chwaka Wenye Watoto Wanaougua Baridi Yabisi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,


Sisi ni wazazi wa hapa Chwaka tunaolea watoto wenye baridi yabisi. Alfajiri mtoto huamka goti limevimba, limekakamaa, hawezi kukunja mguu akakaa kitako chuoni. Jua likipanda viungo hulegea, akaonekana mzima, na skuli akaambiwa mvivu. Tumeambiwa amelala kwenye baridi, amechezewa, ana sikoseli. Miezi inapita, na goti linaendelea kuharibika. Ilhali kanuni ya madaktari iko wazi: kiungo kikivimba kabla ya mtoto kutimia miaka 16, kikadumu hivyo wiki 6 au zaidi bila ya sababu nyengine kuonekana, huo ndio ugonjwa wenyewe.

Lalamiko letu kubwa ni kipimo. Mwenzetu mmoja alimpeleka mwanawe hospitali moja mjini, akapimwa alama ya urithi iitwayo HLA-B27. Jibu lilipotoka kuwa hana, alipewa panadol akarudishwa nyumbani. Alama hiyo inahusiana zaidi na aina moja tu ya ugonjwa, ile inayoshika pale kano zinapoungana na mfupa, na kwa Waafrika walio wengi kusini mwa Sahara ni adimu mno. Mtoto wa Chwaka kuikosa hakumaanishi kwamba haumwi.

Sehemu kubwa ya kinachojulikana kuhusu urithi wa maradhi haya imetokana na damu ya watoto wenye asili ya Ulaya. Utafiti wa Toronto wa 2007 ulilinganisha watoto wa asili mbalimbali. Wenye asili ya Ulaya walielekea zaidi kwenye aina ya viungo vichache. Weusi walielekea zaidi kwenye ile ya viungo vingi yenye kingamwili ya rumatoidi, na hiyo ndiyo hula viungo upesi. Toronto si Chwaka, lakini habari hiyo inatosha kukataza kumwambia mama asubiri.

Wala neno “Mwafrika” kwenye fomu ya hospitali halitoshi. Uchunguzi wa DNA ya mifupa ya kale ya mwambao wetu, uliochapishwa 2023, ulikuta asili ya Kiafrika, zaidi upande wa akina mama, imechanganyika na ya Kiajemi upande wa akina baba. Saudi Arabia nako, mwaka 2015, watafiti walikuta familia ambazo hitilafu ya jeni moja, LACC1, ilileta ugonjwa kwa watoto wa wazazi wenye udugu wa damu. Hizo ni familia chache. Kwa wagonjwa walio wengi jeni ni nyingi, kila moja na mchango mdogo, kwa hiyo tusitupiwe lawama kwa kuoana mabinamu.

Tunataka wahudumu wa kituo cha afya wafunzwe kuutambua ugonjwa huu kwa macho na mikono yao, bila ya kungoja kipimo cha jeni. Tunataka methotreksati, dawa ya maradhi haya inayotumiwa mara moja kwa wiki, ipatikane bila ya kukatika. Watoto wapimwe macho hata kama hawalalamiki, kwani uvimbe wa ndani ya jicho huweza kupofusha kimyakimya. Na damu yao ikihitajiwa kwa utafiti, tuombwe ridhaa kwa Kiswahili, na majibu yaletwe hapa Chwaka kabla hayajapelekwa kwengine.