Misonobari: Mkwezi Asiachiwe Hasara Peke Yake

Tangu mwaka 1999, mdudu mfyonza mbegu kutoka magharibi mwa Amerika ya Kaskazini alipogunduliwa kaskazini mwa Italia, mamlaka za misitu za nchi za Mediterania zimekuwa na muda wa kutosha wa kujipanga. Hazikuutumia ipasavyo. Leo, kuanzia Ureno hadi Uturuki na Lebanon, wakwezi wanashusha matunda ya misonobari yaliyo mazima kwa nje, kumbe ndani mbegu zimesinyaa au zimebaki maganda.

Haki inatudai tukiri kwamba kazi ya kumdhibiti mdudu huyo si nyepesi. Mdudu huyu huruka mbali, na hudunga tunda bila kuacha tundu linaloonekana kwa macho. Ukame nao hupunguza mbegu, na mtaalamu mwaminifu hatamtwika mdudu mmoja lawama zote. Kunyunyizia msitu sumu kutoka angani huua pia nyuki, na nyigu anayeangamiza mayai ya mdudu huyu hapaswi kuletwa kabla ya kuthibitishwa kwamba hatawadhuru wadudu wengine wasio na hatia. Tahadhari hiyo tunaiheshimu. Lakini tahadhari katika kuchagua dawa haihalalishi uzembe katika kuchunguza.

Tunda la msonobari wa Mediterania huchukua miaka mitatu kukomaa. Matunda machanga yanaweza kupasuliwa, mbegu zikahesabiwa, na hali ikatangazwa kijiji kwa kijiji mapema. Familia za Kozak, Uturuki, ambazo riziki yao imesimama juu ya mbegu hizi za kuliwa, zingejua kama zikope, ziajiri wakwezi au zitafute kazi nyingine. Kumnyima mkulima taarifa hiyo ni kumpandisha mtu juu ya mti mrefu, roho mkononi, akafuate maganda.

Afrika Mashariki nayo isijione iko mbali. Vidukari wa saiprasi walioingia Kenya mwaka 1990 walikausha miti mingi kabla ya serikali kujipanga. Misonobari ya Sao Hill, Tanzania, ni ya mbao, lakini nayo hupandwa upya kwa mbegu.

Wizara husika zitangaze hesabu ya mbegu kila mwaka kabla ya msimu wa kukwea, zikague mbao na miche bandarini ili wadudu wageni wasiingie, na gharama ya ukaguzi huo ilipwe na wanaoingiza shehena.