Tamko la Kumkumbuka Babu, Kocha wa Watoto wa Ngamiani

Sisi wachezaji wa zamani wa timu ya watoto ya mtaani kwetu Ngamiani, jijini Tanga, tulioungana miaka ile ili kumsaidia mzee wetu kununua mipira, tunatoa tamko hili siku moja baada ya kisomo cha arobaini yake. Familia imeomba jina lake lisiandikwe, nasi tumeridhia. Uwanjani hakuwahi kuitwa vingine ila Babu. Wajukuu zake walimwita hivyo, watoto wasiomhusu kwa damu walimwita hivyo, na mwishowe hata wazazi wa watoto hao, ambao wengi wao aliwafundisha kabla hawajaota ndevu.

Kwa Bibi, kwa watoto wake na kwa wajukuu: poleni sana. Mlituazima mtu wenu kila Jumanne, Alhamisi na Jumamosi baada ya alasiri, na hamkuwahi kutudai. Mwenyezi Mungu amrehemu.

Babu alikuwa fundi wa bandari. Alianza kufundisha watoto siku zile mji mzima ulipokuwa ukizungumzia ubingwa wa ligi wa 1988 wa Coastal Union, na kila kichochoro cha Ngamiani kilikuwa na chandimu. Yeye mwenyewe alikuwa mtu wa watani wao, African Sports, Wana Kimanumanu, lakini alisema furaha ya watoto haina jezi. Magoli yalikuwa milingoti ya mkonge. Wengi wetu tulicheza peku, na aliyekuwa na njumu alitakiwa azivue mpaka wenzake nao wapate. Alikuja kwa baiskeli, wavu wa mipira kwenye keria, na mjukuu mmoja amekaa mbele kwenye bomba. Wajukuu walipokezana nafasi hiyo kwa miaka mingi, wa kike kwa wa kiume.

Makocha wa mtaani wanaojitolea ni wengi, na tunawaheshimu wote. Tunaloona ni wajibu wetu kulisema hadharani kuhusu huyu ni jambo moja: Babu hakudanganya umri wa mtoto yeyote, wala hakukubali mtoto yeyote audanganye.

Alikuwa na daftari la mistari lenye jalada gumu. Ukitaka kucheza ulikwenda kwanza na mama yako, au shangazi, au yeyote anayekulea, mkiwa na kadi yako ya kliniki. Si cheti cha kuzaliwa, ambacho wakati ule wengi hatukuwa nacho, na ambacho mtu aliweza kukitafuta ukubwani kwa tarehe aliyoipenda. Aliitaka kadi ile iliyokunjamana, yenye mstari wa uzito na tarehe za chanjo, iliyoandikwa na muuguzi ulipokuwa ukinyonya. Aliisoma taratibu, miwani puani, akanakili tarehe kwa penseli, akairudisha kwa mama kwa mikono miwili.

Wakubwa wetu wa soka wamelipa gharama ya kutofanya hivyo. Mwaka 2005 timu yetu ya taifa ya vijana, Serengeti Boys, walifuzu fainali za Afrika za vijana chini ya miaka 17 kule Gambia, wakaenguliwa kwa suala la umri. Mwaka 2017 mambo yaligeuka: Congo Brazzaville, waliokuwa wametutoa, waliondolewa baada ya mchezaji wao kutofikishwa kwenye kipimo cha umri, na vijana wetu wakaenda Gabon. Kipimo chenyewe ni cha MRI, ambacho FIFA ilianza kukitumia katika Kombe la Dunia la vijana hao kule Nigeria mwaka 2009. Hupiga picha mfupa wa mkono pale unapokutana na kiganja, na mfupa ukiwa umekwisha kuungana kabisa, mwenye mkono huo kwa uwezekano mkubwa ameshapita miaka 17. Uwanja wa mtaa hauna mashine hiyo. Sisi tulikuwa na daftari na penseli.

Katibu wetu, aliyeandika rasimu ya tamko hili, aliomba tukio lifuatalo liachwe. Kikao kilimkatalia.

Ilikuwa fainali ya mashindano ya watoto wasiozidi miaka 15, na katibu wetu, mjukuu wa Babu, ndiye aliyekuwa mfungaji wetu bora. Alikuwa ametimiza miaka 16 wiki mbili kabla. Mwili wake ulikuwa mdogo, hakuna ambaye angeuliza. Timu pinzani ilikuja na vijeba wawili wenye sharubu zilizonyolewa asubuhi ile, na mamluki mmoja kutoka mtaa wa mbali. Tulimzunguka Babu tukimsihi. Mzazi mmoja alimwambia kwamba mwenye haki peke yake kwenye mashindano ya wezi ni mjinga. Babu alifungua daftari, akaweka kidole kwenye tarehe ya mjukuu wake, akatuonyesha sote, akalifunga. Mjukuu alikaa benchi pembeni yake, ameshika wavu wa mipira, akilia bila sauti kwa dakika zote za mchezo. Tulifungwa tatu kwa moja.

Baada ya mechi Babu hakutuhutubia. Alinunua mihogo ya kukaanga ya kutosha wote, akampakia mjukuu kwenye bomba la baiskeli kama alivyompakia utotoni, ingawa magoti yake sasa yaligonga usukani, wakaondoka polepole huku sisi tukiwafuata kwa miguu mpaka mlangoni kwao.

Wakati ule tulimkasirikia. Tulichelewa kuelewa kwamba kijeba anaiba mara mbili. Anamnyang'anya mtoto wa umri halali nafasi yake, kisha anajiibia mwenyewe, kwa sababu atafundishwa mambo ya miaka aliyokwisha kuipita na kuachwa siku uongo utakapojulikana. Katika sisi tuliosaini hapa yumo aliyewahi kupita njia hiyo alipohamia timu nyingine, naye ndiye aliyesisitiza kuliko wote aya hii iwepo.

Daftari lilikuwa na kazi nyingine. Asiyefika mazoezini aliwekewa nukta. Nukta mbili zikifuatana, Babu alikuja kwenu baada ya magharibi, na kofia yake ya kiua, akabisha hodi na kukaa barazani. Mmoja wetu aliwekewa nukta kwa sababu mama yake alikuwa mgonjwa na yeye ndiye aliyekuwa akiuza maandazi. Babu hakumlaumu mtu. Alinunua yaliyobaki, na wiki iliyofuata mazoezi yakasogezwa mbele kwa nusu saa. Hatukuambiwa sababu. Tumeijua msibani.

Kwa hiyo tunatamka hivi. Daftari tumekabidhiwa na familia na litaendelea kuandikwa kwa penseli, kadi ya kliniki mkononi, nukta na hodi vilevile. Timu yetu haitaingia mashindano yoyote ya watoto ambayo waandaaji wake hawako tayari kukagua umri mchana kweupe, mbele ya timu zote mbili, hata kama zawadi ni kubwa. Wazazi tunawaomba kwa unyenyekevu: msiwapunguzie watoto wenu miaka kwa ajili ya ahadi ya mtu mwenye gari. Viongozi wa mtaa tunawaomba kiwanja kile kibaki kiwanja.

Wapo waliopendekeza kombe kwa jina la Babu. Tunawashukuru, lakini kwa sasa tumekataa. Hatuna bado uwezo wa kulilinda, na kombe la Babu likibebwa na vijeba itakuwa tumemtukana kaburini. Vilevile hatukusanyi mchango wowote wa fedha kwa jina lake. Anayepita akikusanya hakutumwa na sisi wala na familia.

Mazoezi yanaanza tena Jumamosi hii baada ya alasiri, chini ya katibu wetu. Mjukuu mdogo wa Babu, binti wa miaka tisa, ndiye atakayekuja mbele kwenye baiskeli. Watoto wapya waje na mtu anayewalea, na kadi zao.