Jino la Paka na Jino la Mtu: Tusing'oe kwa Mazoea

Katika kliniki ya magonjwa ya fizi, swali kuhusu paka huulizwa mwishoni, mgonjwa akiwa amekwisha kushika kitasa cha mlango. Ameelezwa kuwa jino lake linalocheza si lazima ling'olewe, naye anashangaa. Maana paka wake aliugua fizi, akapelekwa kwa daktari wa mifugo, na shauri lililotolewa likawa kumng'oa meno karibu yote. Iweje mnyama ang'olewe na binadamu ahimizwe kuyatunza? Nimeulizwa hivyo si mara moja. Naona anayelijibu swali hili vizuri atakuwa ameeleza mengi ambayo wagonjwa, na hata sisi watoa huduma, tunayachanganya kuhusu fizi.

Tuanze na paka mwenyewe. Paka mzima ana meno 30, na hakuna hata moja lililoumbwa kusaga. Taya lake halitembei upande kwa upande kama letu. Chonge hukamata, magego hukata kama mkasi, na pande la nyama humezwa. Sasa, wako paka wanaopatwa na ugonjwa sugu ambamo kinga ya mwili huushambulia utando wa kinywa kwa ukali usiolingana kabisa na kiasi cha ukoga kilichopo kwenye meno. Uvimbe mwekundu, unaovuja damu kwa kuguswa tu, huenea kutoka kwenye fizi hadi nyuma ya kinywa karibu na koo. Virusi vya kalisi hupatikana mara nyingi kwa paka hao, ingawa haviwezi kubebeshwa lawama zote. Viuavijasumu na dawa za steroidi humpa mnyama nafuu ya wiki chache, kisha maumivu hurudi.

Kinachowasaidia wengi ni kung'oa meno yote ya nyuma, au meno yote. Jino ndilo pahali bakteria wanaposhikamana, na kinga ya paka huyu haiwavumilii bakteria hata wakiwa wachache. Kwa hiyo kusafisha peke yake hakutoshi. Takriban theluthi mbili ya paka waliong'olewa, au zaidi kidogo, hupona au hupata nafuu kubwa. Waliosalia huendelea kuhitaji dawa, na mwenye paka anastahili kuambiwa hivyo kabla, si baada. Kazi yenyewe hufanywa kwa nusukaputi, na picha ya eksirei huhitajika ili kuhakikisha hakuna kipande cha mzizi kilichosahaulika ndani ya mfupa, maana kipande hicho kinaweza kuendeleza uvimbe uleule.

Watu huona huruma: paka asiye na meno ataishije? Ataishi vizuri. Samaki aliyechambuliwa miiba, nyama iliyosagwa, chakula kilicholainishwa kwa mchuzi usio na chumvi wala vitunguu, vyote humeza. Asiyestahimilika ni yule aliyeachwa na meno yake: hulikimbilia bakuli kwa njaa, akaonja, akaruka nyuma kwa maumivu, hudondosha mate yenye damu, huacha kulamba manyoya yake hadi yakashikana, hukonda. Huyo hateswi na anayemng'oa.

Niseme mawili ambayo hayangojei daktari. Usimpe paka parasetamoli. Mwili wake hauwezi kuivunja dawa hiyo kama wetu, na kidonge kimoja cha miligramu 500 kinatosha kumuua. Ibuprofeni nayo ni hatari kwake, na kadhalika dawa ya meno ya watu, kwa sababu yeye hajui kutema. Pili, paka mwenye maumivu ya kinywa huuma. Jeraha lake ni tundu dogo lakini lenye kina, na bakteria wa mate yake huweza kuvimbisha mkono mzima ndani ya siku moja. Osha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha nenda kituo cha afya siku hiyohiyo, ambako pia hatari ya kichaa cha mbwa itapimwa.

Turudi kwa binadamu. Ugonjwa wetu wa fizi una tabia nyingine. Mwaka 1965 Harald Löe na wenzake huko Aarhus, Denmark, waliwaomba watu 12 wenye fizi nzima waache kusafisha meno. Ndani ya wiki tatu wote walikuwa na fizi zilizovimba. Waliporudia mswaki, fizi zilipona katika muda wa wiki moja hivi. Kwetu, basi, ukoga ndio mwenye kesi. Ukiachwa hugeuka ugaga mgumu, hushuka chini ya ufizi, na kwa baadhi ya watu mfupa unaoshikilia jino huanza kuliwa. Mfupa uliokwenda haurudi kirahisi, lakini uharibifu unaweza kusimamishwa. Per Axelsson na Jan Lindhe waliwafuatilia watu wa Karlstad, Uswidi, kuanzia mwaka 1972, wakiwafundisha usafi wa kinywa na kuwakagua mara kwa mara. Baada ya miaka 30, meno waliyopoteza hayakufika mawili kwa kila mtu kwa wastani, na mengi kati ya hayo yalivunjika tu. Hayakuuawa na fizi.

Na sisi husaga. Mtu aliyeng'olewa magego huacha karanga, mihogo ya kuchoma na nyama, kisha hubaki na uji na chai ya mkate. Mfupa wa taya mahali pa pengo husinyaa, meno ya jirani huinamia pengo, na jino la upande wa pili huchomoza likitafuta mwenzake. Kila jino lililoondolewa bila sababu huwatia mashakani mengine.

Hata hivyo katika vituo vyetu vingi koleo lipo na vifaa vya kukwangua ugaga havipo. Mgonjwa naye amesafiri mbali, hana nauli ya kurudi mara tatu, na anachotaka ni maumivu yaishe leo. Wenzangu wa vituo hivyo hunikumbusha jambo hili, tena kwa haki. Sidai kila jino liokolewe: lililopoteza karibu mfupa wote, au linalotunga usaha kila mwezi, lina haki ya kung'olewa. Ninachopinga ni kung'oa jino linalocheza kidogo kwa sababu tu linacheza. Vifaa vya mkono vya kukwangulia havihitaji umeme kuvitumia, hutakaswa na kutumika miaka, na tabibu wa meno aliyefunzwa anaweza kuvitumia. Kama fungu la ununuzi linatosha koleo la pili, linunue hivyo kwanza.

Wagonjwa nao wana imani mbili zinazotushinda nguvu. Ya kwanza ni kwamba ufizi unaotoa damu usiguswe kwa mswaki; kumbe kuuepuka ndiko kunakoulisha ugonjwa. Tumia mswaki laini, au mswaki wa mti uliotafunwa ukalainika, na usafishe hapohapo panapotoa damu. Damu ikiendelea baada ya wiki mbili, njoo. Ya pili ni kwamba kukwanguliwa hulegeza meno. Ugaga ulikuwa umeyagandisha meno kama saruji. Ukiondolewa, ulegevu uliokuwapo tangu zamani huonekana, na mara nyingi hupungua uvimbe ukishuka.

Mwenye kisukari azingatie zaidi, kwani sukari isiyodhibitiwa huharakisha kuliwa kwa mfupa, na fizi zenye uvimbe nazo huivuruga sukari. Mvuta sigara asidanganyike kwa kuona damu kidogo: tumbaku huificha damu, haiufichi ugonjwa kwenye mfupa.

Utakapoambiwa jino ling'olewe, uliza mfupa uliobaki ni kiasi gani, na kama kusafisha chini ya ufizi kumejaribiwa. Muuguzi au tabibu asiudhike kwa swali hilo. Likibaki kinywani, rudi kila baada ya miezi mitatu au minne, hata kama haliumi.