Kimewaka, Lakini Je, Kinapima?

Fundi wa redio koli au wa redio za boti hufika mahali ambapo mita ya kawaida haimsaidii tena. Mita itasoma volti za betri, lakini haitamwambia kama redio inarusha hasa kwenye 156.8 MHz, ambayo ni chaneli 16 ya baharini, wala kama inamwaga uchafu kwenye masafa ya watu wengine. Chombo kipya cha kuonyesha hayo kinaweza kufikia bei ya gari, ndiyo maana wengi hukimbilia mtumba. Na soko la mtumba lina maneno yake, mengi yasiyosimama ukiyashika.

La kwanza, ambalo limewaliza wengi: “Kimewaka, kwa hiyo ni kizima.” Chukua HP 8591E, kichanganuzi cha mawimbi kinachosoma hadi 1.8 GHz. Mlango wake wa kuingizia mawimbi huvumilia wati 1. Redio koli ya mkononi hutoa wati 4 au 5, na ya boti 25. Mtu akiichomeka moja kwa moja na kubonyeza kitufe cha kuongelea, kinachoungua ni rezista ndogo za atenueta na dayodi za mixa iliyo nyuma yake. Skrini haina habari. Feni itazunguka, menyu zitafunguka, na muuzaji atapiga picha safi kabisa.

Usiiamini picha hiyo, omba nyingine. Mbele ya chombo pana tundu linalotoa ishara yake ya kujipimia: 300 MHz, nguvu ya dBm -20. Muuzaji aliunganishe na mlango wa kuingizia kwa kebo fupi, kisha abadilishe atenueta desibeli 10 kwa 10, kutoka 0 hadi 60. Kilele kinapaswa kubaki palepale, kwa kuwa chombo hufidia kila hatua. Kinachopanda ni kelele za chini peke yake. Kilele kikizama kwenye hatua moja na kurudi kwenye inayofuata, kuna kipande cha atenueta kilichoungua. Kikiwa chini kwenye hatua zote, shaka inahamia kwenye mixa. Kazi yote ni ya dakika chache, na muuzaji anayedai hana kebo muulize alijuaje kuwa chombo ni kizima.

Tukiwa hapohapo mlangoni, mulika konekta kwa tochi. Aina ya N ina toleo la omu 50 na la omu 75, na pini ya katikati ya omu 75 ni nyembamba zaidi. Anayelazimisha pini ya omu 50 ndani ya tundu la omu 75 hulipanua na kuliharibu, hasa kwenye vyombo vilivyotoka kwenye kazi za televisheni ya kebo.

“Stika ya ukaguzi imepitwa na wakati, achana nacho.” Stika ni tarehe tu. Chombo kinaweza kukaguliwa Januari na kuunguzwa Februari. Kingine kikakaa kabatini miaka kumi kikiwa sawasawa. Ningeuliza habari za betri kabla ya stika. Vyombo vya familia ya 8590 huhifadhi namba zake za kusahihisha vipimo kwenye kumbukumbu inayoshikiliwa na betri ndogo. Betri ikifa, namba zimepotea: chombo kinawaka, kinachora, na kinadanganya. Kabla ya kubadilisha betri, nakili namba hizo kwenye karatasi.

Halafu kuna vijana wanaosema mtumba ni ujinga siku hizi, kidude cha mfukoni kinatosha. Kwa antena nakubaliana nao. NanoVNA mpya kwenye benchi la fundi wa VHF ina faida zaidi kuliko kuagiza mzigo mzito wa miaka ya 80 kwa meli. Ila kwa uchafu wa redio, mambo ni mengine. tinySA ya kwanza, kichanganuzi cha mfukoni cha mwaka 2020, ina mlango wenye vichujio vizuri hadi 350 MHz. Ile 156.8 ya boti ina hamoniki ya pili kwenye 313.6, inaonekana vizuri. Ya tatu iko 470.4, na hapo unahamia mlango wa pili usio na kichujio cha kuzuia picha za uongo. Utaona vilele ambavyo havipo hewani. Kwa kazi hiyo 8591E ya mtumba bado inashinda, mradi uweke atenueta ya nje inayobeba wati za redio yako.

“Chukua cha 22 GHz, utakua nacho.” Utakua nacho wapi, kama kazi zako zote ziko chini ya 1 GHz? Unalipia mixa ghali zaidi ya kuunguza.

La mwisho ni kwamba cha zamani kikifa kimekufa. HP 8640B, jenereta ya mawimbi ya miaka ya 70, ni maarufu kwa gia zake za plastiki zinazopasuka. Mafundi huweka za shaba na maisha yanaendelea. Hata moshi wenye harufu kali siku ya kwanza ya kuwasha mara nyingi hutoka kwenye kapasita ya karatasi ya chujio la umeme wa ukutani, iliyopasuka kwa uzee. Ni kitu cha bei ndogo, na fundi mwangalifu huiondoa kabla hajachomeka plagi.