Kopo Libaki Rafuni, Tangazo Liondoke

Wanaotetea matangazo ya maziwa ya kopo ya watoto wachanga katika maduka ya Kigali wana hoja zao, na mmezisikia tayari: kwa wenye maduka, kwa mawakala wa kampuni, hata kwa jirani anayekuambia uachane na mambo yasiyokuhusu. Nimezisikiliza kwa makini, kwa sababu linalogombaniwa ni tumbo la mtoto. Nitaieleza kila hoja kama wenyewe wanavyoieleza, kisha hukumu ni yenu.

Tuelewane kwanza kinachobishaniwa. Katika duka moja la Remera, mwisho wa rafu, hatua chache kutoka kwa keshia, makopo yamepangwa kwa ngazi mpaka usawa wa kifua. Juu yake pana kadi yenye picha ya mtoto mnene anayecheka. Bei ya awali imekatwa kwa wino mwekundu, bei ya ofa imeandikwa chini yake, na kila kopo kubwa limefungiwa kikombe cha plastiki cha bure. Ninachopinga ni kadi, ofa na kikombe. Kopo lenyewe silipingi.

Hoja yao ya kwanza inapuuza tofauti hiyo. Wanasema maziwa haya ni bidhaa halali, wapo watoto waliofiwa na mama zao na wapo akina mama wasioweza kunyonyesha, kwa hiyo anayepinga tangazo anawanyima watoto hao chakula. Mwanzo wa hoja ni kweli, lakini hitimisho halifuati. Kanuni ya Kimataifa ya Uuzaji wa Maziwa Mbadala ya Maziwa ya Mama ilipitishwa na Mkutano Mkuu wa Afya Duniani mwezi Mei 1981 kwa kura 118, huku Marekani ikiwa nchi pekee iliyopinga. Kanuni hiyo haikatazi kuuza. Inataka maziwa hayo yatumike ipasavyo pale yanapohitajika. Ibara yake ya 5 inakataza kuyatangaza kwa umma, na maduka yametajwa waziwazi: sampuli, mapambo maalumu ya rafu, kuponi za punguzo, zawadi, mauzo ya ofa. Mlezi wa mtoto yatima atalifuata kopo hata likiwa rafu ya chini kabisa, bila picha wala kikombe. Tangazo linamlenga mama ambaye hakuja dukani kulinunua.

Hoja ya pili na ya tatu nitazijibu pamoja, maana hutolewa na watu walewale na haziwezi kuwa kweli zote mbili. Ya pili inasema tangazo humpa mama taarifa ili achague mwenyewe. Ya tatu inasema tangazo halina madhara, kwa kuwa karibu mama wote wa Rwanda hunyonyesha na hawatabadilika kwa sababu ya kadi ya dukani. Sasa pimeni. Kama tangazo linamsaidia mama kuchagua, basi lina nguvu ya kubadilisha anachochagua. Kama halibadilishi chochote, nani analipia kadi, punguzo na kikombe, na analipia nini? Biashara ya maziwa haya duniani inakadiriwa kufikia dola bilioni 55 kwa mwaka. Wanaoiendesha wanajua vizuri faida ya bango.

Tuichukue basi hiyo inayoitwa taarifa, tuikague. Ile kadi haisemi kwamba maziwa ya unga si bidhaa isiyo na vijidudu, na kwamba mwongozo wa Shirika la Afya Duniani na Shirika la Chakula na Kilimo (FAO) wa mwaka 2007 unataka yakorogwe kwa maji ya moto yasiyopungua nyuzi 70. Haisemi kwamba mtoto asiyenyonya kabisa huhitaji takribani kilo 20 za unga katika miezi 6 ya kwanza, yaani makopo 50 ya gramu 400. Gawanyeni wenyewe: kopo moja halifikishi siku nne. Mama aliyevutwa na punguzo la kopo moja hajaambiwa habari za makopo 49 yanayofuata. Wala haisemi jambo kubwa kuliko yote, kwamba mwili hutengeneza maziwa kadiri mtoto anavyonyonya. Biberoni ikichukua nafasi ya titi mara kwa mara, maziwa ya mama hupungua, na ofa ikiisha hayarudi kwa urahisi. Hapo ndipo kijiko kimoja cha unga huanza kukorogwa kwa maji yaliyopimiwa vijiko viwili, mtoto akashiba maji. Taarifa inayoacha haya yote nje haimsaidii mtu kuchagua.

Na ule uhakika kwamba unyonyeshaji wa Rwanda hautikisiki una kasoro. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa 2014-15 ulikuta asilimia 87 ya watoto wa chini ya miezi 6 wakinyonya maziwa ya mama pekee. Ule wa 2019-20 ulikuta asilimia 81. Sidai kwamba matangazo ndiyo yaliyoleta pengo hilo, maana takwimu hizo hazionyeshi sababu. Zinaonyesha tu kwamba kiwango kinaweza kushuka, na anayesema hakitikisiki amekanushwa na hesabu za nchi yake.

Hoja ya nne ndiyo inayoniuma, kwa sababu ina shida ya kweli ndani yake. Wanasema mama mfanyakazi hana njia: likizo ya uzazi ni wiki 14, akirudi kazini mtoto ana miezi mitatu na kidogo, duka linamwonyesha tu msaada ulipo. Ni kweli kwamba wiki 14 hazifikii miezi 6, na ni kweli wapo akina mama wanaouza sokoni au kufanya kazi za ndani ambao hata hizo wiki 14 ni ndoto kwao. Lakini tazameni dawa inayopendekezwa. Mama mwenye mshahara mdogo anaambiwa tatizo la saa za kazi alitatue kwa kununua kopo kila baada ya siku nne. Mwajiri hakuguswa, likizo haikuongezeka, chumba cha kukamulia maziwa hakikujengwa. Tangazo limefaidika na shida yake, halikuipunguza. Na kama mama huyo ameamua kweli kutumia kopo, anastahili kuelekezwa na muuguzi wa kituo cha afya au mshauri wa afya wa umudugudu wake, watu wasiopata kitu kwa kila kopo linalouzwa.

Tano: wanasema maziwa yanayotangazwa ni ya watoto waliopita miezi 6 au mwaka, kwa hiyo hayahusiki. Mwaka 2016 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani uliupokea mwongozo unaohesabu maziwa yote yanayouzwa kwa ajili ya watoto mpaka miezi 36 kuwa maziwa mbadala, yasiyopaswa kutangazwa. Sababu inaonekana rafuni. Makopo ya umri mbalimbali, namba 1, namba 2 na namba 3, mara nyingi huwa na rangi moja, jina moja na mnyama yuleyule. Anayetangaza namba 3 ametangaza zote.

VVU hutajwa pia, kwamba mama mwenye virusi hivyo hawezi kunyonyesha, kana kwamba ndiyo hoja ya mwisho isiyojibika. Tangu 2010 Shirika la Afya Duniani limeshauri kwamba mama mwenye VVU anayetumia dawa za kupunguza makali anaweza kunyonyesha. Na Botswana, ambako serikali iligawa maziwa ya unga bure kwa mama wenye VVU, ilipata funzo chungu mwanzoni mwa 2006: baada ya mvua kubwa kulizuka kuhara, mamia ya watoto wadogo wakafa, na uchunguzi ukaonyesha kuwa wasionyonya ndio walioumia zaidi. Uamuzi wa mama mwenye VVU hufanywa kliniki. Ofa haina nafasi hapo.

Wengine husema Kanuni si sheria. Hapa nakubali: ilipitishwa kama pendekezo kwa nchi, haina polisi. Lakini Tanzania iliweka kanuni zake mwaka 1994, Uganda 1997, na Kenya ikatunga sheria kamili mwaka 2012. Mizigo mingi inayofika Kigali hupitia Mombasa na Dar es Salaam. Kopo ambalo kulitangaza Kenya ni kosa halibadiliki likivuka mpaka wa Gatuna. Mtoto wa Gasabo hana tumbo gumu kuliko la mtoto wa Nairobi.

Inabaki hoja ya kunyamaza, inayosemwa kwa upole na kwa hiyo hushinda mara nyingi: hayakuhusu, utamwaibisha mama anayenunua, utamharibia riziki mwenye duka. Hoja hii imejibiwa ndani ya Kanuni yenyewe. Ibara ya 11 inataja mashirika, vyama vya kitaaluma na watu binafsi kuwa na wajibu wa kuwaambia watengenezaji na wasambazaji pale wanapokiuka, na kuiarifu mamlaka ya serikali. Mtu binafsi ni mimi na wewe. Kuhusu aibu, lawama haimwendei mama aliyeshika kopo, inamwendea aliyepanga rafu. Na riziki ya duka haiguswi, kwa kuwa kopo linabaki pale pale kwa bei yake. Mwenye duka mdogo pengine aliletewa kadi na vikombe na wakala bila kuelezwa chochote. Kumwambia ni kumtendea haki.

Basi mwambieni. Muulizieni meneja, msimgombeze keshia. Mwombeni mambo matatu kwa adabu: aondoe kadi, aondoe zawadi, aondoe ofa. Mkirudi mkakuta hakijabadilika kitu, pigeni picha ya rafu bila sura ya mtu yeyote, mwandike tarehe na mtaa, mpeleke Rwanda FDA, mamlaka iliyoundwa kwa sheria ya 2018 kusimamia dawa na vyakula vilivyosindikwa.