Nafuu ya Kodi Isiishie kwa Wenye Risiti

Ndugu msomaji akisimama alfajiri penye uwanja wa Mnazi Mmoja, mjini Zanzibar, ataona pande mbili zinazotazamana. Uwanjani wako wanaume kwa wanawake wa makamo, wanakimbia na kunyoosha viungo kabla ya kwenda kazini. Ng'ambo ya barabara iko hospitali, ambako wagonjwa wa sukari na shinikizo la damu wanangoja zamu. Gharama za upande wa pili hubebwa na umma. Wa upande wa kwanza wanajinunulia raba na mipira, na kodi juu yake.

Kwa hiyo hatuna ugomvi na wanaodai kwamba mazoezi ya watu wazima yapewe nafuu ya kodi. Ugomvi wetu ni juu ya namna ya kuitoa. Wapo wanaosema mwananchi alete risiti ya jimu, apunguziwe kodi ya mapato. Maneno matamu! Lakini risiti hiyo ni ya nani? Sheria ya mwaka 2020 ilipandisha hadi shilingi 270,000 kwa mwezi kima cha mshahara kisichokatwa kodi. Aliye chini ya hapo hana cha kupunguziwa. Fundi cherahani wa Mlandege hukaa kitako kutwa nzima, naye anahitaji mazoezi kuliko hamali wa Darajani, lakini hana karatasi ya mshahara. Atakayefaidi ni meneja, ambaye tangu hapo ana uwezo wa kulipia ukumbi wenye kiyoyozi. Huku ni kumtunza aliyeshiba kwa fedha za wenye njaa.

Kanada walijaribu. Mwaka 2007 waliwapa wazazi nafuu ya kodi kwa ada za michezo ya watoto, na kwa miaka mingi mzazi asiyedaiwa kodi hakuambulia kitu. Ilipofika 2017 mpango wote ulikuwa umefutwa.

Huku kwetu, Tanzania Bara ilianza mwaka 2021 kusamehe kodi ya ongezeko la thamani kwa nyasi bandia za viwanja vya mpira vya majiji. Ni jambo jema, ila nyasi hizo hukanyagwa na wachezaji wa timu. Mtu mzima anayekimbia kwa afya yake hajafikiwa.

Ushuru wa forodha na kodi ya mapato ni mambo ya Muungano. Lakini kodi ya ongezeko la thamani Zanzibar ina sheria yake tangu 1998, na Baraza la Wawakilishi laweza kuigusa bila ya kumngoja mtu. Ianzie kwenye mpira, wavu, njumu na raba.

Tunazijua hila za baadhi ya wafanyabiashara: kodi huondolewa, bei hubaki pale pale, na faida ikaingia mfukoni. Ndiyo maana nafuu hii haina budi kupitia vikundi vya mazoezi vilivyosajiliwa, vya mjini na vya shamba, vinunue kwa jina la kikundi na kuonyesha hesabu. Hazina itapungukiwa kidogo, hatubishi. Je, dawa za kisukari ambazo mgonjwa hunywa mpaka kufa, Hazina haizihesabu?

Kila tarehe 1 Januari, siku ya mazoezi Zanzibar, viongozi hutembea pamoja na vikundi hivyo wakiwa wamevaa fulana mpya. Tunawauliza waheshimiwa hao: kifungu hicho mtakileta katika bajeti ijayo, au hamkileti?